Walipopanga Kwenda Petra

"Kama ni kuolewa, olewa," alisema Mzee Sefania. "Tumainieli simkatai. Ninachokataa ni hilo jangwa lake."

Dina alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake, mikono mapajani, macho chini, kama anavyokaa binti aliyelelewa vizuri. Kwa nje alikuwa ametulia. Ndani, moyo wake ulikuwa ukidunda hata akaogopa kwamba wazazi wake wangeusikia.

"Baba, hatuendi kukaa. Tunakwenda na kurudi."

"Na kaka yako alikwenda kukaa?"

Mama yake Dina, Ernesta, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, alivuta kanga yake mabegani ingawa ukungu wa asubuhi ulikuwa umekwisha kuondoka mlimani.

Mwaka ule wa 1947, hapa Myamba, kila ukoo ulijua nani amerudi vitani na nani hajarudi. Nyumba ya Mzee Sefania ilikuwa nyumba ya wasiorudiwa. Mwanawe wa kiume wa pekee, Aminieli, alichukuliwa na Waingereza siku moja na rafiki yake Tumainieli, wakatiwa katika kikosi cha Payonia, wale askari waliopewa sururu na makoleo badala ya bunduki, wakapelekwa ng'ambo ya bahari kuchimba barabara katika jangwa la Waarabu. Tumainieli alirudi, amekonda, amejifunza kuendesha lori na kusema Kiarabu. Aminieli alibaki. Homa ilimwua kambini, akazikwa mchangani chini ya jabali, mahali ambapo katika milima yote ya Upare aliyepajua alikuwa mtu mmoja tu.

Na mtu huyo ndiye Dina aliyempenda.

Mapenzi yenyewe yalianzia matangani. Tumainieli alikuja kutoa habari za marehemu, akakaa sebuleni mbele ya wazee, akaeleza kwa sauti ya chini jinsi homa ilivyoanza na jinsi ilivyomaliza. Dina alimletea maji ya kunawa. Macho yao yalipokutana aliona kwamba kijana yule alikuwa anajizuia kulia, na kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja mle ndani aliyemwonea huruma yeye, maana wote walikuwa wakimtazama kwa swali moja: kwa nini umerudi wewe? Alipomtilia maji mikononi alimnong'oneza, "Pole na wewe." Tumainieli aliinua uso, akamtazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu mbele ya wazee.

Baada ya hapo alikuja tena, na tena. Kwanza alikuja kueleza habari za Aminieli. Siku nyingine hakuwa na habari mpya, akaja hivyo hivyo.

Walikuwa wakikutana jioni kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji wa shamba, Dina akiwa amekwenda kufungua maji ya zamu yao. Hapo ndipo Tumainieli alipomsimulia habari za mji.

"Si mbali sana na alipolala," alimwambia siku ya kwanza. "Unaitwa Petra. Ni katika ile ile nchi ya Edomu tunayosomewa kanisani. Mlima umepasuka, Dina, ukaacha ufa. Unaingia katika ufa huo kwa miguu, huku jabali na huku jabali, juu unaona mbingu kidogo tu kama utepe. Unatembea mpaka unasema njia hii haina mwisho. Halafu ghafla, mbele yako, nyumba!"

"Nyumba ya mawe?"

"Ya jiwe. Jiwe moja. Mlima wenyewe umechongwa ukawa nguzo, ukawa milango. Kanisa letu ukiliweka pale litaonekana kama banda la mbuzi. Na rangi yake… umewahi kupasua pera bivu, lile jekundu ndani? Hivyo hivyo. Na zipo nyumba nyingine, nyingi, mji mzima."

"Alichonga nani?"

"Watu wa kale. Wamekwisha wote."

Maji yalipita miguuni pa Dina kuelekea migombani. "Kaka alipouona alisemaje?"

"Tulipewa ruhusa ya kwenda siku ya mapumziko, mimi na yeye. Alivua kofia. Alisimama pale hata nikamwambia tutachelewa lori. Akasema, 'Laiti Dina angeona.'"

Tangu jioni ile, Petra ikawa yao.

Mara ya kwanza waliipanga safari kama mchezo tu, kama wapenzi wanavyopanga nyumba wasiyokuwa nayo. Tumainieli alichora njia kwenye tope kwa kijiti. Hapa Same. Hapa Tanga. Hapa meli, Mombasa, Adeni, Suezi. Halafu garimoshi, halafu lori mpaka mji wa Maani, na kutoka hapo farasi.

"Farasi!" Dina alishtuka. "Mimi hata punda sijampanda."

Kwa hiyo siku ya soko walishuka Gonja, Tumainieli akaazima punda wa mchuuzi mmoja, Dina akapanda kwa upande kama alivyofundishwa, punda akatoka mbio, Dina akaangukia kwenye mashudu ya karanga. Wanawake wa sokoni walicheka hata wakashika mbavu. Tumainieli alimwinua, akampangusa shavuni, na mkono wake ukasahau kutoka pale.

Akamfundisha maneno. Maji ni moya. Mkate ni khubzi. Asante ni shukrani.

"Shukrani! Hicho si Kiswahili?"

"Waarabu walitusikia tukisema," alijibu Tumainieli kwa uso mkavu kabisa, wakacheka wote wawili.

Kisha mchezo ukawa kweli. Mzungu mmoja, mchimbuaji wa magofu aliyeitwa Bwana Fenwiki, alifika Same akimtafuta Tumainieli. Alikuwa ofisa wao jangwani, na sasa alikuwa anarudi Petra kuchimba. Alitaka dereva anayeijua njia na lugha. Mke wake naye angekuja kutoka Uingereza, na angehitaji mwanamke wa kumsaidia kambini. "Una mke?" aliuliza. Tumainieli akajibu, "Ninaye mchumba." "Basi mwoe, umlete."

Wakapanga kukutana stesheni ya Same, wakafunge ndoa Tanga, ambako kaka yake Tumainieli alikuwa mwinjilisti na mchungaji wa huko alikwisha kuambiwa. Wangelifikia kaburi la Aminieli kwanza. Tumainieli angechonga jina kwenye jabali lililo juu yake, kama alivyomwahidi Aminieli siku ya mwisho. Halafu wangeingia katika ule ufa wa mlima, wameshikana mikono, Dina mbele.

Lilibaki jambo moja tu, ridhaa ya baba.

"Inuka," Mzee Sefania alimwambia sasa. "Miguu itakufa ganzi."

Dina hakuinuka. "Baba, tutalisimamia kaburi lake. Tutasali pale. Hutaki mtu wa damu yake asimame pale hata mara moja?"

Uso wa mzee ulibadilika, kama mtu aliyeguswa kidonda na mtoto asiyejua. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, ambaye siku ya habari za kifo cha mwanawe alisali kwa sauti isiyotetemeka hata watu wakamsifu. Sasa midomo ilimtetemeka.

"Aminieli alipokuwa anaondoka," alisema, "nilimwekea mikono kichwani. Hapa hapa ulipopiga magoti. Nilimbariki kwa maneno yote ninayoyajua. Nikamwambia nenda mwanangu, Mungu aliye Myamba yuko na huko. Akaenda na baraka yangu. Ilimfikisha wapi?"

"Baba…"

"Sina nyingine, Dina. Nimetafuta moyoni, sina. Ukienda, utaenda bila mikono yangu kichwani mwako. Na ukienda hivyo, usiseme huko uendako kwamba una baba Myamba. Sitaki kuletewa habari tena na mtu aliyekaa kwenye kiti kile." Alikinyoshea kidole kiti alichokalia Tumainieli siku ile. Kisha akachukua fimbo yake, akatoka kwenda shambani kwenye kahawa, wala hakurudi kula.

Dina alimfuata mama yake jikoni. Alitaka kuangusha kichwa mapajani mwake kama mtoto. Ernesta alikuwa anachochea moto wa makande na hakugeuka.

"Mama, nifanyeje?"

"Waniuliza mimi?" Sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Baba yako ana woga. Mimi nina kiu. Nimemzaa mtoto, sijui kalala kichwa kikielekea wapi. Kila mvua ikinyesha najiuliza, huko nako inanyesha? Tumainieli ananiambia hainyeshi. Basi nani anamwagia maji?" Alipangusa macho kwa mkono wa moshi. "Nikikwambia nenda, nimemvunja mume wangu. Nikikwambia kaa, nimejivunja mimi. Usiniulize tena, mwanangu. Fanya utakalofanya, lakini kama ni kwenda, ondoka nikiwa kisimani."

Na alfajiri ilipokucha, Ernesta alikwenda kisimani mapema kuliko siku zote. Mzee Sefania alikuwa amekwisha kutoka, hakuna aliyejua amekwenda shamba gani. Dina alisimama katikati ya nyumba tupu na furushi lake, akaita, "Baba!" Sauti ikamrudia. Akashuka mlima huku analia, mpaka Gonja, akapanda lori la kwenda Same.

Usiku alilala kwa shangazi yake Dorkas, dada ya baba yake, aliyeuza maandazi karibu na stesheni. Shangazi hakumwuliza mengi. Aliutazama uso wake, akasema tu, "Baba yako anajua?" na Dina aliposema anajua, akaguna.

Asubuhi Same ilikuwa na joto lake lile la vumbi. Milima ilikuwa juu kule, ya bluu, mbali, kana kwamba haikuwa ya kwao. Dina alifika stesheni akiwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu mkononi. Moyo ulikuwa mzito kwa ajili ya baba yake, lakini chini ya uzito ule palikuwa na furaha iliyokuwa inaona haya kujitokeza. Tumainieli alikuwa amesimama chini ya mgunga, mbele ya jengo la stesheni, sanduku la bati miguuni pake.

Alipomwona, hakutabasamu.

"Umekuja," alisema.

"Ulidhani sitakuja?" Dina alicheka kidogo, akavaa viatu. "Nimekuja, Tumaini. Nimeacha kila kitu. Baba amenikana. Lakini nimekuja." Akasubiri amshike mkono. Tumainieli aliutazama mkono ule, halafu akatazama chini.

"Dina, kaa kidogo."

"Sitaki kukaa. Kuna nini?"

"Memsahibu haji."

"Memsahibu gani?"

"Mke wa Bwana Fenwiki. Amebaki kwao, anaugua. Bwana anakwenda peke yake na wanaume. Anasema…" Alisogeza sanduku kwa mguu. "Anasema kwenye kambi ya wanaume peke yao jangwani hachukui mke wa mtu. Ana nafasi moja tu. Yangu."

Dina alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Nyuma yao watu walikuwa wanapakua magunia ya mchele kutoka Kihurio, wakiitana na kucheka.

"Amekuambia sasa hivi?"

Tumainieli aligeuka kutazama magunia.

"Tumaini, nimekuuliza. Amekuambia lini?"

"Juzi."

"Juzi." Dina alilirudia neno lile taratibu. "Juzi mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya baba yangu. Juzi kulikuwa na lori la kupanda Gonja. Dereva unamjua, mlikuwa naye vitani. Ungemwambia neno moja tu, mwambie Dina asitoke nyumbani. Neno moja!"

"Nilidhani Bwana atabadili nia. Jana nzima nilikuwa mlangoni kwake namwomba. Nimemwambia utapika, utafua, utalala nje ya kambi kwa wanawake wa Kibedui, namjua mzee wao…"

"Ulidhani atabadili nia, au uliogopa?"

"Nimeogopa nini?"

"Kwamba nikijua nitashuka, nikwambie usiende."

Tumainieli alikaa juu ya sanduku lake, akashika kichwa. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu. Dina alimpenda wakati ule ule aliokuwa anamchukia. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Alitamani kumpiga, na alitamani kumkumbatia, na mbele za watu hakuweza kufanya hata moja.

"Sitakwenda," Tumainieli alisema. "Basi. Imekwisha. Nitamwambia atafute dereva mwingine. Tutarudi mlimani wote wawili, nitapiga magoti kwa baba yako. Alisema hanikatai. Tutaoana Myamba. Atanipa kipande cha shamba bondeni, nitalima mpunga. Wangapi wanalima mpunga na wanaishi?"

Yalikuwa maneno ambayo Dina, jana tu, angeyapokea kama wimbo. Sasa aliyasikiliza na kuona jinsi yanavyotoka, moja moja, kama mtu anayetoa mizigo kwenye lori.

"Niangalie," alimwambia.

Akamwangalia.

"Sema hivi: Dina, sitaki kwenda Petra. Sema hivyo tu. Usiseme hutakwenda. Sema hutaki. Ukisema, nitakuamini, wala sitakukumbusha mpaka nife."

Tumainieli alifungua kinywa. Mbali, upande wa Moshi, treni ilipiga honi. Kabla hajajizuia, kichwa chake kiligeuka. Kiligeuka kama cha mtu aliyeitwa jina lake. Na katika kile kitambo kidogo Dina aliuona uso wake ulivyokuwa: njaa, na kiu, na nuru, uso ule ule aliouona kwenye ukingo wa ndiva siku alipomsimulia habari za ufa wa mlima. Alikuwa ameupenda uso huo akidhani unawaka kwa ajili yake.

Aliporudisha macho kwake, alikuwa amekwisha kuchelewa.

"Dina…"

"Usiseme. Nimeona."

"Ni Aminieli. Nilimwapia, Dina, alinishika mkono, nikamwapia kwamba nitarudi na jina lake…"

"Mwache kaka yangu! Kaka yangu hakukutuma unifanye hivi." Sauti ilimpanda, wale wa magunia wakageuka. Akaishusha. "Ukienda, nenda kwa ajili yako. Usimbebeshe marehemu mzigo wako."

Treni iliingia, ikanguruma, moshi ukaifunika stesheni. Bwana Fenwiki alitokea kwenye jengo, kofia pana kichwani, akapunga mkono kumwita dereva wake, akaingia katika behewa la mbele bila kumtazama msichana. Hakuwa mtu mbaya. Kwake lilikuwa jambo la nafasi tu.

"Niambie nibaki," Tumainieli alimsihi. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi sasa. "Niamuru. Nitabaki."

"Ndiyo. Utabaki. Na kila jioni nikikuletea chakula utakuwa unatazama kule. Utanipenda, najua utanipenda. Lakini utanitazama kama watu walivyokutazama wewe siku ile ulipoleta habari. Utajiuliza kwa nini ni mimi niliyebaki." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sitaki kuishi hivyo, Tumaini. Ni afadhali nikose."

"Mwaka mmoja. Nitarudi. Ningoje mwaka mmoja."

Dina alimtazama muda mrefu. Alijua angemngoja. Alijua pia kwamba jangwa lile halikuwa limemrudisha kweli hata mara ya kwanza. Kilichorudi Myamba ni mwili uliokuja kuaga.

"Ukichonga jina lake," alisema mwishoni, "andika na la baba. Aminieli wa Sefania. Asije mtu akadhani hakuwa na kwao."

Tumainieli alimshika mkono, mbele ya watu wote, akaubana kifuani pake. Filimbi ikalia. Akauachia, akanyanyua sanduku, akakimbia. Alining'inia mlangoni mwa behewa akimtazama, akisema kitu ambacho magurudumu yalikimeza, mpaka treni ikakunja kona kuelekea Tanga.

Dina alibaki amesimama. Hakulia. Alikuwa na hofu kwamba akianza hataweza kuacha. Wachukuzi walimaliza magunia yao wakaondoka, karani wa stesheni akafunga dirisha, jua likapanda. Shangazi Dorkas alikuja na maji katika kata, akamkuta vile vile.

"Kunywa, mwanangu."

"Kanisahau, shangazi."

"Hajakusahau. Hicho ndicho kibaya." Akamwekea kata midomoni kama mtoto mdogo. "Twende nyumbani. Utakaa kwangu mpaka kaka yangu hasira zimwishe."

"Hatarudisha maneno yake. Unamjua."

"Namjua," Dorkas alikiri, akakaa chini kando yake kwa kuwa Dina hakutaka kuondoka.

Kivuli cha mgunga kilikuwa kimehamia upande wa pili walipomwona mzee mmoja akija kutoka upande wa milima, njia ya miguu ya Mbaga. Alikuwa anatembea vibaya, anavuta mguu mmoja, nguo zimejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa anajaribu kukimbia. Dorkas ndiye aliyemtambua kwanza, akasimama na kupiga ukelele.

"Kaka! Sefania! Umekuja kwa miguu?"

Mzee Sefania hakumjibu dada yake. Alikuwa anamtazama Dina. Alipomfikia alishika fimbo kwa mikono miwili, kifua kikipanda na kushuka.

"Lori lilikuwa limeondoka," alisema. "Nilifika Gonja likawa limeondoka. Nikarudi juu, nikapita mlimani. Nimelala Mbaga kwa wakristo." Alivuta pumzi. "Mama yako alirudi kisimani akanikuta nimekaa mlangoni. Akaniambia, 'Sefania, umepoteza mmoja kwa kumbariki, na sasa unapoteza mwingine kwa kumnyima. Unataka Mungu afanyeje?' Nikachukua fimbo."

"Baba, shikamoo," Dina alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Piga magoti." Alikuwa na haraka, kama mtu anayeogopa kubadili nia. "Hapa hapa. Piga magoti nikubariki, kabla treni haijaja."

Dorkas aligeuza uso pembeni.

"Baba…"

"Na hiki utampelekea kaka yako." Akafungua pindo la shuka lake, akatoa kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa ukambaa. "Ni udongo wa pale mlangoni kwetu. Nimeuchimba mwenyewe. Umwagie juu yake, umwambie baba yake ameuleta mpaka Same, miguu ndiyo iliyoishia hapo. Tumainieli yuko wapi? Nataka na yeye nimwone. Nataka nimwambie hakukosa kitu kwa kurudi."

Dina alitazama reli, halafu akamtazama baba yake. Alitafuta namna ya kusema isiyokuwa na ukatili, akaona haipo.

"Treni imepita, baba."

"Imepita? Basi mbona wewe uko hapa?"

"Nafasi ilikuwa moja. Yake peke yake. Mimi siendi."

"Utakwenda na ijayo."

"Hapana, baba. Hakuna ijayo. Siendi Petra. Sitakwenda kamwe."

Mzee Sefania aliliangalia lile jani la mgomba mkononi mwake. Aliligeuza huku na huku. "Na huu udongo," aliuliza, "sasa huu nani ataupeleka?"

Na yule mzee ambaye hakulia siku ya habari, aliyesali mbele ya kijiji kizima bila sauti kutetemeka, akaketi kwenye vumbi la stesheni ya Same, akamlilia mwanawe kwa sauti, mbele ya Wahindi wa madukani na Wamasai wa kupita njia, kifurushi kikiwa kifuani. Watu walisimama kutazama. Dina alipiga magoti, akamkumbatia, na hapo ndipo machozi yake nayo yalipofunguka. Walilia pamoja mpaka Dorkas naye akashindwa.

Mzee alijifuta macho kwa pindo la shuka.

"Nilikuja kukubariki," alisema, "na sina safari ya kubariki."

"Nimekuona umekuja, baba."

"Nimechelewa."

"Ndiyo," Dina alisema, kwa kuwa ilikuwa kweli na hakuwa na nguvu za kumdanganya. "Umechelewa. Sote tumechelewa." Alimpangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga, akamwinua taratibu, akampa bega lake kwa upande wa ule mguu uliovimba. "Twende kwa shangazi ule kidogo. Keshokutwa tutapanda lori. Mama yuko peke yake."

"Tukifika tutamwambia nini?"

Dina aliwaza mlango wa nyumba yao, na moto wa makande, na mama atakayeinua uso kumwangalia bila kuuliza.

"Hatutamwambia kitu," alisema. "Akituona tumerudi wawili, atajua."